Matuta Aliyoyafukua Bertilla

Kwa asiyelijua tuta la Kifipa ngoja nimweleze kwanza, maana bila hilo ataona Bertilla alikuwa kichaa tu, kama walivyoona wengine. Sio tuta refu la viazi. Mvua zikishakolea na nyasi zimefika kiunoni, mtu analaza nyasi pamoja, halafu anakata udongo na mizizi yake, bonge kwa bonge, anaufudikiza juu ya zile nyasi mpaka linatokea duara lililoinuka kufikia goti. Humo ndani nyasi zinaoza polepole, na juu yake watu wanapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, tuta linabomolewa, linasambazwa, ulezi unapandwa. Ndiyo mbolea ya Ufipa, tangu mababu, kabla hajaja bwana shamba yeyote na mfuko wake. Asiyefunika nyasi mwaka huu, mwakani hana ulezi.

Na katika kazi hiyo hakukuwa na wa kumshinda Bertilla. Mke wa Alois, mwanamke mfupi, mkavu, miaka ishirini na tisa, hana maneno mengi. Ukimwacha shambani asubuhi, ukirudi jua la kichwani unakuta matuta yamejipanga hata wanaume wanaona aibu. Hivyo ndivyo alivyojulikana kwenye kitongoji chao cha zamani, kule karibu na ukingo wa bonde, kabla ya operesheni ya mwaka sabini na nne.

Ya operesheni wote tunayajua. Watu walitakiwa wakae pamoja kwenye vijiji, na kitongoji chao kikapangiwa kuhamia kijiji kipya upande wa Pito. Lori likaletwa, safari tatu. Safari ya kwanza ilimchukua mama mkwe wa Bertilla, mama Kristiana, na kuku na masufuria, akakae kule apokee vitu. Alois alikuwa ameshatangulia kwa miguu kwenda kusimamisha nguzo za nyumba. Safari ya tatu ilimchukua Bertilla, na wifi yake Albina, na katekista Gaudensi, na watu wengine kumi na mmoja, wote wamekaa juu ya magunia ya ulezi ya kitongoji kizima. Nani aliyepanga mzigo ule vile, mpaka leo hajasema mtu.

Albina alikuwa mtoto wa mwisho wa mama Kristiana, msichana wa miaka kumi na tisa, anacheka ovyo, anapenda kumtania Bertilla kwamba anatembea kama bata. Siku ile alikuwa na homa. Mwezi wa tisa upepo wa Ufipa unapiga, na juu ya lori linalokwenda unapiga mara mbili. Bertilla alikuwa amepata mahali pazuri, kishimo katikati ya magunia, nyuma ya kichwa cha lori, upepo haufiki. Akamwona wifi yake anatetemeka kule juu, kanga imemganda mwilini.

"Wifi, shuka ukae hapa," akamwambia. "Mimi sina homa."

Albina akashuka, akajikunja pale, akavuta shuka mpaka kichwani. Bertilla akapanda juu kwenye upepo. Ni hilo tu. Hata wewe ungefanya hivyo hivyo.

Kwenye kijito kulikuwa na daraja la magogo. Gurudumu la nyuma likavunja gogo moja, lori likainama, likasimama kidogo kama linafikiri, halafu likalala ubavu. Waliokuwa juu walirushwa kwenye matope, Bertilla pia, akainuka na mkwaruzo wa kiwiko. Magunia yote yakashukia kwenye kile kishimo.

"Wifi!" Bertilla aliita.

"Abee," Albina akaitika kutoka chini.

Watu wakashukuru Mungu, wakaanza kuvuta. Lakini gunia la ulezi linataka watu wawili wenye nguvu, na mengine yalikuwa yamepasuka. Ulezi ni punje ndogo sana. Kila wakifungua tundu, ulezi unamiminika unaliziba. Bertilla alichota kwa mikono, kwa kanga, kwa ungo uliokuwa umedondoka pale. Akaita tena. "Abee." Wakachota. Akaita mara ya tatu, na sauti ikatoka ndogo, ya adabu, kama ya mtoto aliyetumwa na hataki kwenda: "Abee, wifi." Mara ya nne alipoita hakukuwa na kitu. Walipomfikia, jua lilikuwa limesimama utosini.

Pale pale kijitoni katekista Gaudensi aliwakusanya watu. Alikuwa mzee wa heshima, aliyezoea kupeleka habari za msiba. Akasema mama Kristiana asiambiwe kwamba mtoto aliitika. Aambiwe amekufa papo hapo, hakusikia maumivu, basi. Watu wakakubali, na walikubali kwa roho nzuri kabisa. Kwetu mfiwa hapewi kila kitu, anapewa kinachobebeka. Habari ya kubadilishana mahali haikutajwa, kwa sababu hakuna aliyeitilia maanani isipokuwa Bertilla mwenyewe. Alois alipomuuliza, "Albina alikaa wapi?" alijibu, "Alikaa kati ya magunia." Hakusema nani alimkalisha. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Walizika. Walijenga. Mvua zikaja. Mwezi wa kwanza mwaka sabini na tano kila kaya ikapimiwa ekari yake, na mwenyekiti wa kijiji, Zenon, akapita nyumba hadi nyumba na daftari la kamati. Alois alikuwa kwenye kikosi cha kujenga shule ya kijiji siku tatu za wiki, na siku mbili ni shamba la ujamaa kwa wote. Mama Kristiana nyonga ilishamshinda, jembe hawezi. Kwa hiyo ekari ile ilikuwa ya Bertilla, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi, kwani si Bertilla?

Siku ya kwanza alilaza nyasi, akakata mabonge, akafunika. Aliweka bonge la mwisho juu, akalipiga kwa mgongo wa jembe ili likae. Akasikia, chini, ndani, sauti ndogo ya adabu.

"Abee."

Alisimama, akatazama huku na huku. Akajiambia ni mwanamke wa shamba la pili anamwitikia mumewe. Akaanza tuta lingine. Alipoliziba juu, akasikia tena. Akapiga magoti, akalifukua kwa mikono, haraka, kucha zikivunjika, mpaka chini kabisa. Kulikuwa na nyasi mbichi na mende wawili. Akarudi kwenye la kwanza, akalifukua nalo.

Wiki ile nzima alifanya kazi kuliko mwanamke yeyote kijijini, na mwisho wa wiki hakuwa na tuta hata moja. Anafunika, anasikia, anafukua. Alikuwa anajua kabisa kwamba Albina yuko makaburini, alimwosha yeye mwenyewe, alimtoa ulezi masikioni kwa ncha ya kanga. Anajua. Lakini kujua ni kwa kichwa, na mikono haikutaka kujua. Mikono ilisema, je, kama safari hii ni kweli? Je, nikiondoka?

Nyumbani pia hakuwa salama. Mtu akipepeta ulezi jirani, ile sauti ya punje kwenye ungo, anaacha anachofanya anatoka nje. Akiitwa jina lake ghafla anaruka. Kula anakula kama anamlipa mtu, chakula hakina ladha mdomoni. Alois alidhani ana mimba, akafurahi siku mbili, maskini, halafu akaona siyo.

Alois alikuwa mtu mpole, na wapole wana ubaya wao, wanangoja sana. Alipoliona shamba limejaa nyasi zilizochimbuliwa kama pamepita nguruwe, hakugomba. Jumapili baada ya misa alichukua jembe akaenda peke yake, akatengeneza matuta kumi na manne mpaka giza lilipoanza kuingia. Asubuhi Bertilla aliamka kabla yake. Alois alipofika shambani alimkuta mkewe amepiga magoti kwenye tuta la kumi na nne, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Yote yalikuwa yamefunguliwa.

"Bertilla," alisema. "Mwakani unataka tule nini?"

Bertilla aliendelea kuchimbua. Angejibu nini? Huyu ni kaka yake Albina. Angemwambia, namtafuta dada yako mahali nilipomweka?

Kijiji nacho kina macho. Na unajua midomo ya huku kwetu ikishaanza kunusa uchawi haiombi ushahidi. Wakasema mke wa Alois anazika kitu na kufukua. Wakasema kuna dawa anaitafuta. Wanawake waliokuwa wakipita njia ya shamba lake wakazunguka. Mwisho Zenon akaja mwenyewe, na kofia yake ya kamati.

Zenon hakuwa mtu mbaya, ila tangu apewe uenyekiti alikuwa anaongea kama anasoma. "Ndugu Bertilla, kamati imekaa," alisema. "Kaya ambayo haijatengeneza shamba lake mpaka Jumapili ya Matawi, ekari inapewa kaya nyingine yenye nguvu kazi. Mimi sipendi. Lakini mvua haingoji mtu na kamati haingoji mtu."

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Shamba lingine hakuna, kule walikotoka ni pori na kurudi ni marufuku. Ekari ikienda, mwaka unaofuata Alois na mama yake na yeye watakula kwa kuinama mlangoni kwa watu. Bertilla alilijua hilo vizuri kuliko Zenon.

Alois akamwendea Gaudensi. Katekista akaja na chupa ya maji ya baraka, akazunguka shamba akinyunyiza, akasali. Alipomaliza, Bertilla akamsogelea, akamuuliza polepole ili Alois asisikie, "Baba, tangu siku ile, wewe bado unamsikia Albina?"

Gaudensi alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu wa kusema uongo mara mbili. "Namsikia, mwanangu. Mpaka leo nikisali namsikia." Halafu akamshika bega. "Lakini mama asijue. Itamuua."

Kwa hiyo hata maji ya baraka hayakusaidia. Kitu kimoja tu kilibadilika, Bertilla alijua sasa hakuwa peke yake, na hilo halikumtuliza, lilimwogopesha zaidi.

Wiki mbili kabla ya Matawi, mama Kristiana alikuja shambani. Alikuja kwa fimbo, hatua moja moja, akiburuta mguu, akipumzika kila baada ya hatua kumi. Bertilla hakumwona. Alikuwa ndani ya tuta.

"Unatafuta nini humo?" mama akauliza.

Bertilla akageuka pale pale chini, akapiga makofi ya adabu kwa mikono yenye udongo, kama mkwe anavyotakiwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Alikuwa amechoka mno. Ndiyo sababu yenyewe, wala usitafute nyingine. Mtu akichoka vile, uongo unakuwa kazi nyingine juu ya kazi. Akasema. Alianza na upepo, na homa, na kile kishimo. Akasema, "Mimi ndiye niliyemshusha. Alikuwa amekaa juu, mimi nikamwambia shuka." Akasema habari ya daraja. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka na haukujua mahali pa kusimama, akasema kwamba aliita na Albina akaitika. Mara tatu.

Mama Kristiana alikuwa amesimama kwa fimbo. Hakulia wala hakutukana.

"Mliniambia alikufa papo hapo," alisema.

"Tuliona..."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na watatu, mama."

"Na wote mmenisalimia kila siku miezi yote hii."

Akageuka akaondoka, hatua moja moja. Bertilla hakuthubutu kumfuata kumshika mkono.

Siku mbili mama hakusema na mtu. Alikaa mlangoni kwake, chakula akakirudisha. Alois alipouliza kuna nini, Bertilla akamwambia na yeye, yote, na Alois akatoka nje akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamwambia mkewe, "Hukumuua wewe," na alimaanisha, lakini alilisema akitazama ukuta. Bertilla akafunga kanga zake mbili kwenye kifurushi. Alijua kinachofuata. Atafukuzwa, na alipanga kwenda bila kelele.

Siku ya tatu asubuhi mama Kristiana alisimama mlangoni kwao na kigoda mkononi.

"Chukua jembe," alisema. "Nishike mkono, twende."

Shambani akaweka kigoda kwenye nyasi, akakaa. "Tengeneza."

"Mama, siwezi. Nikifunika tu..."

"Wewe funika. Kusikiliza ni kazi yangu."

Bertilla alilaza nyasi, akakata, akafudikiza. Alipoweka bonge la mwisho akasikia, kama kawaida, na akaanza kupiga magoti. Mama akamzuia kwa fimbo. Akainama yeye, kwa shida, akishika nyonga, akaweka sikio kwenye udongo. Akakaa hivyo kwa muda wa Baba Yetu mbili.

"Hamna," alisema. "Nenda kwenye lingine."

Hivyo ndivyo shamba lile lilivyotengenezwa, na waliopita njiani waliona maajabu yao wakanyamaza, maana mama Kristiana hakuwa mtu wa kuulizwa. Bertilla anafunika, mama anaweka sikio, mama anasema hamna, Bertilla anasonga mbele. Siku za kwanza bado alikuwa anasikia kila tuta. Lakini mtu mwingine alikuwa ameichukua kazi ya kuhakikisha, mtu mwenye haki kuliko yeye, na akisema hamna, mikono ya Bertilla inatii. Siku ya sita alifunika matuta matano bila kusikia kitu. Alisimama, akashangaa, akaona kwamba ana njaa. Njaa ya kweli. Alikula viazi vitatu vya kuchemsha amesimama.

Jumamosi ya kuamkia Matawi Zenon alifika na daftari. Akatembea toka mwanzo hadi mwisho wa ekari, matuta yamejipanga, mengine maharage yameshachomoza juu yake. Akavua kofia. "Ndugu Bertilla," akasema, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu, "hata kule kwetu zamani sikuona hivi." Ekari ikabaki kwao. Wanawake waliozunguka njia wakaanza kupita tena, na wawili wakaomba mbegu ya maharage. Bertilla akafungua kifurushi, akazianika kanga zake.

Ningependa kuishia hapa. Nisingekuwa na ugomvi na mtu.

Baada ya Pasaka, asubuhi moja, Bertilla alikwenda kumjulia hali mama mkwe akakuta mlango wazi na fimbo haipo. Akapata hofu. Akaenda mbio shambani, umande umemlowesha mpaka magotini. Mama Kristiana alikuwa huko, peke yake, amelala kifudifudi kando ya tuta, sikio limebanwa kwenye udongo. Bertilla alidhani amekufa.

"Mama."

Mzee akainua mkono, kwamba nyamaza. Baada ya muda akajiinua kwa viwiko, akaburuta mguu, akaenda tuta linalofuata.

Kumbe haikuwa siku ya kwanza. Nyasi kati ya matuta zilikuwa zimeshalala zikafanya njia. Alikuwa anaondoka jogoo la kwanza, anayapitia machache, moja moja, anarudi kabla Alois hajaamka.

"Mama, kazi imekwisha," Bertilla alisema. "Mimi sisikii tena. Umenisaidia, sisikii tena kitu. Unasikiliza nini?"

Mama Kristiana alimtazama. Udongo ulikuwa umemganda shavuni.

"Wewe ulimsikia," alisema. "Gaudensi alimsikia. Wote kumi na watatu mlimsikia mwanangu anaitika. Mimi niliyemzaa sijamsikia hata mara moja. Nimeweka sikio shamba zima. Hamna."

Bertilla alitaka kusema kitu cha kufariji, na akavitafuta vyote anavyovijua, vya kanisani na vya msibani, akaona hakuna hata kimoja ambacho hakikuwa cha uongo. Akavua kanga ya juu, akaitandika kwenye umande, akamkalisha mzee, na yeye akakaa kando yake, mabega yamegusana.

"Niambie tena," mama alisema. "Ile ya tatu. Alivyosema."

Akamwambia, kwa sauti ile ile ndogo, kadiri alivyoweza kuiiga. Mama alifumba macho. Akataka arudie, akarudia. Halafu akataka yote, toka upepo, na Bertilla akaanza toka kwenye upepo.

Njiani watu walikuwa wameanza kupita na majembe kwenda shamba la ujamaa. Walisalimia, wao wawili wakaitikia, na Bertilla akaendelea pale alipokuwa ameishia.